Wewe Uko Nje, Hutujui Tena

Miaka yangu ya mwanzo ughaibuni nilikuwa mtu wa mwisho kucheka. Mzaha ukitolewa kazini, wenzangu wanaangua kicheko, mimi bado natafuta kitenzi kiko wapi. Siku moja mkuu wa idara alisimama kikaoni akasema ama tuupokee mpango wake wa zamu kama ulivyo, ama tusubiri idara ifungwe. Vichwa vikaitikia. Mimi nilikuwa nyuma kwa sentensi nzima, naigeuza kwa Kiswahili kipande kwa kipande, na nilipofika kwenye "ama" ya pili nikajiuliza: hivi hapa katikati hapana kitu? Zamu mbili tatu haziwezi kusogezwa? Sikufungua mdomo. Lakini nilikuwa nimeliona tundu ambalo wenye lugha yao hawakuliona, kwa kuwa wao walibebwa na sauti ya bosi na mimi sikuwa na cha kunibeba.

Wiki ileile mjomba akapiga simu. "Mwanangu, ama urudi ujenge kwenu, ama utuambie kwamba umetutupa." Nikaanza kujitetea mbiombio, jasho linanitoka. Nilipokata simu ndipo niliposhtuka kuwa nimewekewa njia mbili zilezile za kikaoni, na safari hii nimeingia kichwa kichwa. Kwa lugha ya kigeni nilikuwa mzito wa kuelewa, nikausikia ubovu wa hoja. Kwa Kiswahili nilielewa upesi hata nisisikie kitu.

Tangu hapo nimekuwa na ugomvi mdogo na wenzangu wanaorudi likizo na wimbo mmoja, kwamba kule watu hujadili kwa mantiki na sisi hujadili kwa kelele. Nimeishi kule miaka kumi na mmoja, siuitikii wimbo huo. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliorodhesha aina 13 za hoja zenye sura ya ukweli bila ukweli wenyewe, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na hakuwa akiwaandikia watu wa kwetu. Ninachokiona mimi ni kwamba ubovu ni uleule, ila kila upande umeuvisha nguo unayoiheshimu.

Kwetu umevaa methali. Mtu akisema "lisemwalo lipo, na kama halipo laja," jaribu kumshinda. Uvumi ukiwa kweli, ameshinda. Usipokuwa kweli, unaambiwa usubiri. Hakuna siku ambayo atakubali kwamba alikosea. "Samaki mmoja akioza wote wameoza" nayo inamruhusu mtu kukutana na mlaghai mmoja akahukumu kabila zima, na kwa kuwa inatamkika vizuri, anayeipinga huonekana ndiye mtovu wa busara. Sisemi methali zitupwe. Kabati lilelile lina dawa: "Baniani mbaya, kiatu chake dawa" (jina lenyewe linawaumiza watu, na sipendi kulitumia) ndilo jibu kali kuliko yote ninayoyajua kwa anayemshambulia msemaji akaiacha hoja yake imekaa palepale.

Kule ubovu umevaa namba na vyeo. "Utafiti unaonyesha," mtu anasema, na kikao kinanyamaza kama kwetu kinavyonyamaza mzee akikohoa. Utafiti gani? Waliulizwa watu wangapi? Hakuna anayeuliza, asije akaonekana hajasoma. Mwaka 1690 John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, aliieleza mbinu hii na kuipa jina la Kilatini linalotokana na neno la haya. Nalipenda jina hilo kwa sababu linaweka kosa mahali pake. Kumsikiliza mzee au mtaalamu si kosa. Mara nyingi wanajua kuliko sisi. Kosa ni pale unapokubali kwa kuwa unaona haya kukataa. Na haya, kwa ushahidi wa macho yangu, haina pasipoti.

Sasa niseme la kwangu. Ukoo ulitaka kuchanga fedha za kupanua biashara ya binamu. Nikauliza hesabu za mwaka uliopita zilikuwaje. Jibu lilikuja haraka: "Wewe uko nje, hutujui tena." Nikanyamaza, maana kuna ukweli ndani yake. Ningekuwa nawafundisha jinsi wateja wa pale wanavyofikiri, umbali wangu ungekuwa sababu nzuri ya kunipuuza. Lakini niliuliza kilichoingia na kilichotoka, na kutoa kwa kujumlisha hakubadiliki kwa kuvuka bahari. Nilipong'ang'ania, shangazi akafunga mlango: mtoto wa nyumba hii hasa hawezi kuuliza swali kama hilo. Antony Flew, mwanafalsafa wa Uingereza, aliielezea hila hii kwa mfano wa Mskoti. Mtu anadai kwamba hakuna Mskoti afanyaye jambo fulani la aibu. Akionyeshwa mmoja aliyelifanya, anajibu kuwa huyo si Mskoti wa kweli. Ndivyo nilivyovuliwa utoto wa nyumba, na hesabu hazikuonekana.

Mwezi uliofuata, kule ninakofanya kazi, nililalamika kwamba malipo ya muda wa ziada yamecheleweshwa. Mwenzangu mmoja, si mtu mbaya, akatabasamu: "Kama hupapendi, si urudi kwenu?" Kule natolewa kwenye hoja kwa kuwa si wa kule, na kwetu natolewa kwa kuwa si wa kwetu tena. Wahamiaji wengi wakisoma hapa watacheka, halafu wataacha kucheka.

Lakini kuna hoja mbovu moja ambayo sisi tulioondoka ndio tunaoibeba mgongoni, na hakuna anayetulaumu kwa hiyo. Abraham Wald alikuwa mwanahisabati mzaliwa wa Ulaya ya kati, Myahudi, aliyewakimbia Wanazi akaingia Marekani mwaka 1938. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi na kundi la wanatakwimu katika Chuo Kikuu cha Columbia. Ndege za kivita zilikuwa zikirudi na matundu ya risasi, na swali lilikuwa ziongezewe bamba la chuma wapi. Akili ya haraka inasema: pale penye matundu mengi. Wald akaliangalia kwa upande mwingine. Ndege zilizohesabiwa ni zile zilizorudi. Zilizopigwa penye injini hazikuwepo uwanjani zihesabiwe, zilikuwa zimeanguka. Kwa hiyo mahali pasipo na matundu ndipo pa kuogopwa.

Tunaporudi likizo na masanduku na nguo safi, sisi ni ndege zilizorudi. Mdogo wangu alinitazama akaniambia, "Kaka, nyote mlioondoka mmefanikiwa." Ananihesabu mimi, anamhesabu jirani aliyejenga, anamhesabu rafiki anayetuma picha kila wiki. Yule niliyelala naye chumba kimoja, aliyepoteza kazi na vibali kisha akazima simu kwa aibu, hamhesabu, kwa kuwa hajawahi kumwona. Nami sikumtaja. Ningemtaja ningelazimika kueleza pia miezi ambayo mimi mwenyewe nilikuwa naye gizani.

Kosa hilo lina pacha wake, nalo nalifanya hadi leo. Nikiudhika kule, nailinganisha siku yangu mbaya na siku nzuri kuliko zote niliyowahi kuwa nayo kwetu. Nikiudhika kwetu, nageuza. Hakuna upande unaoweza kushinda kwa mizani hiyo.

Nilipojua majina ya makosa haya nikawa kero. Kila aliyefungua mdomo nyumbani nilimpa namba ya kosa lake kama askari wa barabarani. Likizo iliyopita mtu mmoja aliniomba mkopo, na mjomba akanivuta pembeni. "Usimpe. Baba yake alikuwa hivyohivyo, mtoto wa nyoka ni nyoka." Nikamkalisha mzee wa watu nikamfundisha kwamba tabia ya baba si ushahidi dhidi ya mwana. Nilikuwa sahihi kuhusu hoja. Nikaenda kutoa fedha, kana kwamba ubovu wa sababu za mjomba ulikuwa umethibitisha kuwa mkopaji ni mwaminifu. Hilo nalo ni kosa, na wasomi wana jina lake pia: kudhani kwamba neno ni uongo kwa kuwa limetetewa vibaya.

Miezi minane baadaye mjomba akaniuliza habari za deni. Nikamweleza kwa utulivu kwamba tukio moja halitoshi kujenga kanuni, na kwamba huenda mtu yule angekwama hata kama baba yake angekuwa malaika. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kuliko nilivyostahili.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Na fedha iko wapi?"