Gofu la Pembeni Nalo Lijengwe

Kuna nyumba Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, imemaliza kutengenezwa. Mlango wa nakshi umesafishwa, boriti zilizooza zimetolewa zikaingia mpya, ukuta wa mbele umepakwa chokaa mpaka unang'aa. Kila anayepita anasifu, na mafundi wanastahili sifa hizo. Lakini zunguka ubavuni. Ukuta uko mtupu, mawe na udongo nje, masika inaupiga moja kwa moja. Nyumba ya jirani ilianguka zamani, kimebaki kiwanja chenye mipapai na taka, na sasa nasikia kinatakiwa kiwe pa kuegesha pikipiki za wageni. Hapo nimeshindwa kunyamaza.

Nyumba za Mji Mkongwe hazikujengwa zisimame peke yake. Zimeegemeana, na mara nyingi ukuta mmoja unabeba boriti za nyumba mbili. Ukuta huo ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na ule upande uliokuwa wa ndani haukutayarishwa kupambana na mvua kwa sababu haukutarajiwa kuiona. Nyumba moja ikianguka, ya pili inapoteza egemeo na hapohapo inaanza kunywa maji ubavuni. Udongo unaoshwa katikati ya mawe. Vichwa vya boriti vinaoza ndani ya ukuta, mahali ambapo hakuna anayeviona, mpaka siku ukuta unapotoa tumbo. Halafu anakuja fundi wa haraka na ndoo zake za saruji. Chokaa hupumua, maji yaliyoingia hupata njia ya kutoka. Saruji huyafungia ndani pamoja na chumvi yake, na lipu inapobanduka huondoka na jiwe. Ndivyo nyumba zinavyokufa Malindi na Mkunazini, mojamoja, kila moja ikimwachia jirani yake ugonjwa.

Kwa hiyo kujenga kwenye kile kiwanja ni nusu ya kazi ya kuitengeneza nyumba ya pembeni. Tukikiacha, fedha yote iliyoingia mbele itatokea ubavuni.

Hofu ya majengo mapya naielewa. Jengo lililoongezwa kwenye jumba la kale la Mambo Msiige, Shangani, lilizua malumbano yaliyofika hadi Kamati ya Urithi wa Dunia, na tangu hapo ukitaja kujenga kipya watu wanashtuka. Wana haki kwa kiasi. Ila kipimo tunacho, kimesimama mtaani: usipite paa la jirani, fuata mstari wa kichochoro, usichimbe chini ya msingi wa mwenzio, weka ua katikati upepo upite, na vyumba viwe vyembamba kama boriti ya mkoko inavyoruhusu, yapata mita tatu. Anayetaka nguzo za zege ndani, haya, nakubali kwa shingo upande, mradi zijibebe zenyewe zisifungwe kwenye ukuta wa mawe.

Na nani akae humo? Wenyeji, familia zenye watoto. Hili nalisema nikijua kwamba hoteli zimeokoa nyumba ambazo leo zingekuwa vifusi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, familia zikagawiwa vyumba, kodi ikawa ndogo mno hata kutengeneza mfereji wa paa. Mwenye fedha alipokuja, alikuja na mabati na mbao. Sawa. Lakini mgeni wa siku tatu hajui kwamba doa lile kwenye dari halikuwepo mwaka jana. Bibi anayelala chini ya dari hilo anajua, na atapiga kelele. Mji huu uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 ukiwa mji wenye watu wake, na kila familia inayohamia mitaa ya Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, kwa kukosa chumba inaondoka na jicho moja la kuulinda.

Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Sayyid Barghash la mwaka 1883, iliporomoka jumba likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Lile lilikuwa jengo linalojulikana dunia nzima. Katika vichochoro vyetu wako watu wanaolala usiku huu chini ya kuta ambazo hakuna aliyezikagua.

Mamlaka ya Mji Mkongwe ipo tangu 1985 na vibali vinapita mikononi mwake. Naiomba kwa moyo wote: anayeomba kibali cha kutengeneza nyumba aonyeshe na hali ya gofu la pembeni, na ubavu wake ukingwe kwa lipu ya chokaa kabla ya rangi ya mbele. Magofu ya wakfu yaanze kujengwa, maana waliozitoa nyumba hizo walikusudia zinufaishe watu. Chini duka na baraza, juu wapangaji wa familia, na sehemu ya kodi itengwe kila mwezi kwa ajili ya paa.