Kesi ya Dakota

Nchi nzima tunalo neno la kuidharau ndege: pangaboi. Ikionekana tu ina mapanga yanayozunguka nje, basi ni feni ya darini imeota mabawa. Neno hilo lilivuma sana mwaka 2016, serikali ilipoleta Bombardier Q400 kwa ajili ya ATCL, yaani Air Tanzania. Likarudi na uchungu wake Novemba 6, 2022, ATR 42 ya Precision Air ilipoangukia Ziwa Victoria ikiwa imekaribia kabisa kutua Bukoba. Walikuwamo watu 43, na 19 kati yao hawakutoka hai.

Juzi kijiweni Kirumba, hapa Mwanza, mjadala umefufuka, safari hii kwa sababu ya picha ya zamani kwenye simu ya mtu: Dakota, pangaboi la injini mbili, la East African Airways, shirika la pamoja la nchi za Afrika Mashariki enzi hizo; pua juu, mkia chini, abiria wakishuka na suti zao. Mzee mmoja, aliyepata kubeba mizigo uwanjani enzi hizo, alisema, "Hizo ndizo zilikuwa ndege. Chuma tupu." Kijana wa bodaboda akamjibu, "Mzee wangu, hizo ndizo zilizowamaliza watu, ndiyo maana leo huzioni." Kahawa ikaisha, kila mmoja akabaki na lake. Mimi naona wote wawili wamekosea, ila hawakukosea sawa.

Dakota ni jina ililopewa na Waingereza. Waundaji wake, kampuni ya Douglas ya Marekani, waliiita DC-3, nayo iliruka kwa mara ya kwanza Desemba 17, 1935. Ilibeba abiria 21 katika mpangilio wake wa kawaida. Kabla yake, mashirika mengi ya Marekani yaliishi kwa malipo ya kubeba barua za posta. Hii ndiyo iliyowaonyesha kwamba nauli za abiria peke yake zinaweza kulipa gharama na kubakiza. Kisha vita vikaja. Zaidi ya ndege 10,000 za aina hiyo ziliundwa Marekani, nyingi mno zikiwa za jeshi, na Wasovieti na Wajapani nao waliunda za kwao. Bunduki ziliponyamaza mwaka 1945, maelfu yalikuwa yamekaa bila kazi, bei imeporomoka. East African Airways, iliyoanza mwaka 1946 na vindege vya mbao na kitambaa, ilipokua ikajiunga na dunia nzima kuzichukua. Ndivyo Dakota zilivyokuja kuwa sauti ya kawaida Mwanza, Musoma na Bukoba.

(Tukiwa hapo hapo kwenye historia: Februari 28, 1931, Imperial Airways ilipoanzisha safari ya kila wiki kutoka London kuja upande huu wa Afrika, mwisho wa njia ulikuwa Mwanza. Huku ziwani zilitumika ndege za kutua majini. Mwaka uliofuata njia ikarefushwa hadi Cape Town kwa kupitia Nairobi, Dodoma na Mbeya, sisi tukaachwa pembeni. Anayetuambia Mwanza imeijua ndege juzi, mwambieni hivyo.)

Sasa tusikilize mashtaka, maana kijana wa bodaboda hakuropoka.

Injini ya Dakota ni ya pistoni. Silinda 14 zimepangwa duara, kila silinda ina plagi mbili za kuwashia mafuta. Kwa injini mbili hizo ni plagi 56, na bado hujagusa vali wala mabomba ya oili. Mafundi wa injini hizi wana utani wao: ikiacha kuvuja oili, ujue imekwisha tangini. Injini moja ikizimika ndege ikiwa ndiyo kwanza imenyanyuka, tena imejaa, iliyobaki huipandisha kwa taabu. Hapo uwanja wa Mwanza una neno lake, kwa sababu uko karibu mita 1,150 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na saa nane mchana jua likiwa kali inakuwa nyepesi zaidi. Bawa linapata hewa kidogo ya kulibeba, panga linapata hewa kidogo ya kusukuma. Mzigo ambao ungeruka nao pwani bila wasiwasi, huku unakulazimu kuhesabu kilo.

Halafu kuna gurudumu la mkia. Ndege za leo zina gurudumu la mbele; Dakota inakalia mkia. Upepo ukiipiga ubavuni wakati wa kutua, mkia hutaka kuipita pua, na rubani mzembe hujikuta anazunguka kama pia. Orodha ya ajali zake imejaa vituko vya aina hiyo: bawa limekwaruzika, panga limepinda, abiria wameshuka kwa miguu yao huku wanalaani.

Shtaka zito kuliko yote ni la hewa. Chumba cha abiria cha Dakota hakijazwi hewa, kwa hiyo rubani hawezi kupanda juu sana na kukaa huko bila abiria kuanza kuhema. Analazimika kusafiri chini, kule kule kwenye mawingu ya mvua na vilele vya milima. Mei 18, 1955, Dakota ya East African Airways iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi iligonga Mawenzi, kilele cha pili cha Kilimanjaro. Watu wote 20 waliokuwamo walikufa. Chombo cha kumpigia rubani kelele kwamba ardhi imekaribia hakikuwamo katika ndege yoyote ya abiria wakati huo.

Ukiishia hapo, unamhukumu mshtakiwa. Lakini orodha ya ajali ni shahidi mjanja, lazima umhoji. DC-3 moja ya abiria iliyotoka Lisbon kwenda Uingereza Juni 1, 1943 ilitunguliwa na ndege za kivita za Wajerumani juu ya Ghuba ya Biscay, wakafa watu wote 17. Nayo imo kwenye orodha hiyo hiyo ya ndege za DC-3 zilizopotea. Ilikosa nini? Ndege iliyoundwa kwa maelfu, ikapelekwa vitani, ikatua kwenye nyasi na matope, ikauzwa na kuuzwa tena hadi ikaangukia kwa wenye mifuko mitupu wanaoahirisha matengenezo, itakuwa na orodha ndefu hata ingekuwa imara kiasi gani.

Tena ajali iliyoua watu wengi kuliko zote katika maisha ya East African Airways haikuwa ya pangaboi. Ilikuwa ya jeti, Super VC10, Addis Ababa, Aprili 18, 1972. Ikiwa inakimbia ili iruke, ilikanyaga kipande cha chuma kilichoachwa njiani, tairi la mbele likapasuka, rubani akaamua kusimama. Breki hazikutosha, na uchunguzi ukakuta kifaa cha mfumo wa breki kilikuwa kimefungwa vibaya. Watu 43 kati ya 107 walikufa. Jeti nzuri, ya kisasa kwa wakati wake, iliuawa na chuma kilichosahauliwa njiani, pamoja na mkono wa fundi.

Basi mzee ameshinda? Bado. Mzee anazikumbuka zilizotua. Dakota chache zinazoruka hadi leo duniani, zikiwemo zilizobadilishiwa injini na kufanya kazi kwenye barafu ya Antaktika, ni zile ambazo hazikuanguka. Kuzitaja kama ushahidi wa uimara ni sawa na kuwauliza waliorudi kutoka ziwani kama ziwa linaua. Ni kweli ilikuwa na mifupa migumu, na ilitua polepole kwenye viwanja vifupi ambavyo jeti isingevigusa. Ila uimara wa chuma hauondoi wingu lililo mbele yako.

Wingu hilo ndilo lililonifanya niandike. Wavuvi wa dagaa wanalijua kuliko sisi tunaobishana juu ya mapanga. Usiku nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto. Pepo za kutoka pande zote za pwani zinakutana juu ya ziwa, hewa inapanda, radi zinazaliwa humo humo majini wakati taa za wavuvi zinawaka. Alfajiri mawingu hayo husukumwa kuelekea magharibi, ndiyo maana Bukoba inajulikana kwa mvua zake za asubuhi. Mchana mambo hugeuka, mvua zinahamia nchi kavu. Ziwa lina ratiba, nayo haijali ndege imeundwa mwaka gani.

Dakota ililazimika kupita ndani ya ratiba hiyo. Fokker Friendship, ambazo East African Airways ilizipokea miaka ya 1960, zilikuwa na chumba kilichojazwa hewa, zikaweza kupanda juu zaidi na kulikwepa wingu lililo safarini. Hapo teknolojia ilisaidia kweli, na mzee akubali. Lakini kila ndege inayokwenda Bukoba lazima mwishowe ishuke, na kushuka ni kurudi kwenye hali ile ile ya hewa. ATR iliyoanguka 2022 ilikuwa na umri wa miaka kama 12, injini za kisasa, chumba kilichojazwa hewa. Iliingia majini saa tatu kasoro asubuhi, hali ya hewa ikiwa mbaya, na waliofika mwanzo kuokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijana akitaka kulaumu uzee wa ndege, ajali hiyo haimsaidii. Na akisema basi tupande meli, nitamkumbusha MV Bukoba, Mei 21, 1996, na mamia waliobaki humo.

Kuhusu mapanga yenyewe sitachukua muda. Injini ya Q400 au ATR ni tabaini, ndugu wa injini ya jeti, imefungiwa panga mbele. Haina plagi 56. Kwa safari ya kilomita zisizofika 200 kama Mwanza–Bukoba, panga linakula mafuta kidogo na linatosheka na uwanja mfupi. Anayelicheka analichekea mwonekano.

Na Dakota hazikuondoka kwa sababu ziliwamaliza watu. Zilikula petroli maalumu ya ndege, ghali na ngumu kupatikana Afrika, wakati tabaini na jeti zinakunywa mafuta ya jamii ya mafuta ya taa yanayopatikana karibu kila uwanja mkubwa. Vipuri vikaadimika, mafundi wa pistoni wakastaafu. East African Airways yenyewe ikafa mwaka 1977, ikazaliwa Air Tanzania katika mwaka huo huo.

Nilipowarudishia haya pale kijiweni, mzee akaniuliza swali la kunitega: "Ikija Dakota kesho hapo uwanjani Ilemela, imetengenezwa vizuri, inakwenda Bukoba, utapanda?"

Nikamwambia nitapanda. Ila kwanza nitauliza inaondoka saa ngapi, na kama ni kabla ya saa nne asubuhi, nitawaacha watangulie.