Magazeti ambayo Lytton aliyaogopa

Kila inapozuka mada ya Waingereza na India, hakosi mtu wa kusema kwamba walinyonya, sawa, lakini waliacha reli na utawala wa sheria. Reli nawaachia wengine. Hilo la pili ndilo linaloniuma, kwa sababu ukizisoma sheria zenyewe, ukaangalia nani alizitunga na kwa haraka gani, sifa hiyo haisimami.

Tuanze na Lord Lytton, Gavana Mkuu wa India kuanzia 1876 hadi 1880. Alikuta mvua zimekata Deccan, uwanda wa katikati ya India, na kusini. Januari 1, 1877 alifanya sherehe kubwa mno Delhi ya kumtangaza Malkia Victoria kuwa mtawala mkuu wa India, wakati huohuo jimbo la Madras watu wanakufa njaa. Katika kambi za kazi za msaada, afisa wake Richard Temple alishusha posho ya mwanamume mzima, anayefanya kazi ya sulubu kutwa, hadi ratili moja ya nafaka na visenti vichache. Waliokufa katika njaa ile wanahesabiwa kwa mamilioni.

Magazeti ya lugha za wenyeji yalimlaumu Lytton kwa yote mawili, sherehe na njaa. Jibu lake lilikuja Machi 14, 1878. Baraza lake la kutunga sheria, ambalo hakuna Mhindi aliyelipigia kura, lilipitisha Sheria ya Magazeti ya Lugha za Wenyeji katika kikao kimoja. Muswada uliingia, ukatoka sheria siku hiyohiyo.

Hakimu wa wilaya alipewa uwezo wa kumwita mpiga chapa na mchapishaji, awadai dhamana ya fedha kwamba hawataandika neno la kuwafanya watu waichukie serikali. Wakilaumiwa tena, dhamana inachukuliwa na mtambo unakamatwa. Kukata rufaa mahakamani hakukuwepo. Asiyetaka balaa hiyo alipeleka kurasa zake kwa mkaguzi wa serikali kabla ya kuzichapa. Na gazeti la Kiingereza, hata likiandika maneno yaleyale, halikuguswa.

Mimi ninayeandika kwa Kiswahili siwezi kupita hapo haraka. Gazeti la Amrita Bazar Patrika la Calcutta, lililokuwa likitoka kwa Kibengali, lilihamia Kiingereza kitupu mara moja ili sheria isilinase. Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa werevu, na werevu ulikuwepo. Lakini mfikirie msomaji wa kijijini aliyejua Kibengali peke yake. Yeye alipoteza gazeti lake siku ile. Lytton hakuhangaishwa na wakili wa mjini anayesoma lawama kwa Kiingereza. Aliyemtia hofu ni mkulima anayesomewa lawama hizo kwa lugha ya mama yake.

Mrithi wake, Lord Ripon, aliifuta sheria hiyo, na hapo wanaoutetea utawala ule hunijibu kwamba walikuwepo magavana wema pia. Ripon nampa haki yake. Ila tazameni yaliyompata 1883, alipounga mkono muswada wa Ilbert uliotaka mahakimu wa Kihindi wilayani waweze kuwahukumu Wazungu. Walowezi wa Bengal, wenye mashamba ya chai na nili wakiwa mbele, walipiga kelele mpaka serikali ikarudi nyuma. Mwaka uliofuata Mzungu aliyeshtakiwa alipewa haki ya kudai juri ambayo angalau nusu yake ni Wazungu wenzake. Wema wa gavana ulifika mpaka pale Wazungu wenzake walipokubali.

Na kuna kifungu ambacho Ripon hakukifuta. Ni kifungu cha 124A cha Kanuni ya Adhabu ya India, kilichoongezwa 1870, kuhusu uchochezi. Mwaka 1897 mhariri Bal Gangadhar Tilak, aliyeandika kwa Kimarathi katika gazeti la Kesari, alishtakiwa kwa kifungu hicho huko Bombay. Jaji Strachey aliwaelekeza wazee wa juri kwamba kukosa tu mapenzi kwa serikali kunatosha kuwa kosa. Juri ilikuwa na Wazungu sita na Wahindi watatu. Wazungu wote sita walisema ana hatia. Wahindi wote watatu walisema hana. Tilak akafungwa miezi 18, na mwaka 1898 serikali ikakipanua kifungu kiendane na tafsiri ya jaji. Mwaka 1908 akashtakiwa tena. Safari hii juri ilikuwa Wazungu saba na Waparsi wawili, yaani Wahindi wa asili ya Uajemi, kura zikagawanyika saba kwa mbili, akapelekwa Mandalay, Burma, kwa miaka sita. Gandhi naye alipata miaka sita mwaka 1922 kwa kifungu hichohicho, baada ya kumweleza jaji kwamba mapenzi hayawezi kuundwa wala kuamrishwa na sheria.

Haya hayako mbali nasi. Kuanzia 1897 Kanuni hiyohiyo ya Adhabu ilitumika katika himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki, na Tanganyika kuanzia 1920, hadi kanuni nyingine zilipoletwa 1930. Sheria ya ushahidi ya India ilibaki katika mahakama za Tanzania hadi 1967. Mtu wa Mombasa au Tanga alihukumiwa kwa maandishi yaliyotungwa Calcutta na watu ambao hata Wahindi hawakuwachagua.

India yenyewe ilikaa na 124A miaka 75 na zaidi baada ya uhuru. Mei 2022 Mahakama ya Juu iliamuru kisitumike, na Julai 2024 kanuni mpya ya adhabu ilianza bila neno uchochezi. Badala yake kuna kifungu cha 152, kinachoadhibu kwa kifungo cha hadi maisha vitendo vya kuhatarisha mamlaka na umoja wa nchi, vikiwemo vya kusema na kuandika. Hicho hakikuletwa na Lytton. Kimepitishwa na bunge ambalo Wahindi wamelipigia kura, na wao wanaweza kulidai likifute.