Siku za Kusubiri Nazo Ni Umri

Katika mji wetu wa Mombasa ni vigumu kumkuta kijana asiyesubiri kitu. Huyu anasubiri viza ya kwenda Saudia au Qatar, yule anasubiri kuitwa kazini bandarini, na mwingine anasubiri apate mtaji ndipo aoe. Sina ugomvi na malengo yao, kwani mtu asiye na analolikusudia huishia kutumikia makusudio ya wengine. Ninalolipinga ni desturi ya kuziona siku zilizo kati ya leo na lengo kuwa si sehemu ya maisha, kana kwamba tutarudishiwa baadaye.

Namjua binti mmoja wa Kisauni, fundi hodari wa kushona, ambaye tangu alipompelekea wakala pasipoti yake alikifunika cherehani chake kwa leso kuukuu na kuacha kupokea kazi, kwa hoja kwamba angeweza kuitwa wakati wowote. Mama yake, ambaye ana kisukari, alipomwomba amsindikize kliniki alimjibu, "Mama, vumilia, nikifika huko nitakutumia pesa utibiwe hospitali ya kulipia." Jibu hilo lina mapenzi ya kweli ndani yake, na ndiyo maana linaniuma. Mama hakuwa ameomba pesa. Aliomba mtu wa kukaa naye kwenye foleni asubuhi ile, na mtu huyo alikuwapo pale pale nyumbani, mzima wa afya, huku moyo wake umeshatangulia Riyadh.

Kusubiri si jambo geni kwa watu wa pwani. Mabaharia waliokuja Mombasa na majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi waliletwa na kaskazi, na hawakuweza kurejea kwao mpaka kusi ivume, kwa hiyo walikaa miezi kadhaa bila uwezo wa kuuharakisha upepo. Lakini hawakukaa bure. Walivikalafati vyombo vyao na kuvipaka deheni, waliuza tende na kununua boriti, na wako waliooa na kuzaa hapa hapa. Walijua fika wanakokwenda, na kujua huko hakukuwazuia kuwapo walipokuwapo.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nisisitize jambo hili, nayo ni kwamba lengo lenyewe linaweza kubadilishwa na mikono isiyo yetu. Mwaka 2019 ilitolewa amri ya kwamba makontena ya kwenda bara yasafirishwe kwa reli ya kisasa, na watu wengi wa mji huu, madereva wa malori, mawakala wa forodha, wenye maghala, hata mama lishe waliowapikia, waliona mipango ya miaka mingi ikiporomoka. Watu waliandamana, na mimi naona walifanya vyema. Kuyakubali mabadiliko si kuyaridhia. Ni kukiri kwamba yametokea, ili mtu aamue kwa akili timamu kama atayapinga, atayakwepa au atayatumia. Anayekataa kukiri hana hata njia ya kuyapinga, maana bado anaishi katika mji wa jana.

Najua wapo watakaosema kwamba maneno haya ni ya walioshiba, na kwamba mwenye njaa hana nafasi ya kuitazama leo kwa utulivu. Hoja hiyo ni nzito na siipuuzi, kwa sababu dhiki humnyima mtu utulivu kweli. Hata hivyo, kibarua anayelipwa jioni kwa kazi ya siku hiyo huijua leo kuliko sisi sote, na mara nyingi sisi wenye mishahara na mipango ya miaka mitano ndio tunaokula chakula cha jioni na watoto wetu macho yakiwa kwenye simu.

Jirani yangu mmoja, wakala wa forodha, alikuwa akirudi nyumbani watoto wameshalala, akijenga nyumba Mtwapa na kuahidi kwamba ikikamilika atapumzika nao. Kazi ilipokauka aliteseka, hilo sitalificha, na ujenzi ukasimama kwenye lenta. Alifungua kibanda cha mitumba Kongowea, akawa anafunga mapema na kumsikiliza bintiye akisoma juzuu kabla ya Isha, na akagundua kwamba mtoto ana kigugumizi ambacho hakuwahi kukitambua. Mnamo Septemba 2022, Rais Ruto alipotangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo forodhani, zilizokuwa zimehamishiwa bara kwa amri ile ya reli, zinarejeshwa Mombasa, jirani yangu alirudi kwenye forodha. Nyumba ya Mtwapa sasa inaendelea kujengwa, polepole kuliko zamani, kwa sababu amekataa zamu za usiku na wateja wake wameambiwa kwamba baada ya Magharibi hapatikani.