Kihispania kisipitie kwa Kiingereza

Vijitabu na video nyingi za kujifunza Kihispania zinazotufikia zimepangwa hivi: neno la Kihispania upande huu, Kiingereza upande ule, basi. Mwenye Kiingereza chake cha shule anaridhika. Mimi naona tunajipunja, hasa kwenye salamu na maneno ya adabu, maana huko Kiingereza kina uchache na Kiswahili kina akiba.

Chukua "¿Cómo estás?" na "¿Cómo está usted?" Zote mbili zinaandikiwa "How are you?", na mwanafunzi anaachwa njia panda. Ya kwanza ni ya rika, ya pili ya heshima. Hiyo "usted" imetokana na "vuestra merced", namna ya zamani ya kumtaja mtu kwa hisani yake, ndiyo maana kitenzi chake ni kile cha nafsi ya tatu. Ni kama kumwambia mzee aliye mbele yako, "Mzee anaendeleaje?" Aliyelelewa kwa shikamoo analielewa jambo hilo mara moja. Ila mipaka yake inahama. Madrid kijana wa dukani anaweza kukuita "tú", yaani wewe ya rika, na asiwe amekukosea. Bogotá, Kolombia, utasikia marafiki, hata ndugu wa damu, wakiitana "usted".

Kisha kuna "sorry", neno linalobebeshwa mizigo yote. Ukimkanyaga mtu kwenye basi unasema "perdón". Ukiambiwa kafiwa, "lo siento mucho". Sisi tunazo samahani na pole, tena hatuzichanganyi! Kwa nini basi tupitie kwenye lugha inayozichanganya? (Kweli, "lo siento" hutumika pia kuomba radhi kwa kosa zito, lakini ukianzia kwenye pole hupotei sana.) Vivyo hivyo "excuse me": kumwita mhudumu ni "disculpe", kupenya katikati ya watu ni "con permiso".

Ninalolipenda kuliko yote ni la Mexico. Mtoto akiitwa na mama yake haitiki "¿Qué?" (nini?), anaitika "¿Mande?" Kwa maana ya asili ni kama kusema niamuru, na wapo Wamexico wasiolipenda, wanaona lina harufu ya utumwa wa enzi za ukoloni. Wengine wanasema ni adabu tu ya nyumbani. Kijitabu kitakuandikia "Pardon?" na kukuacha hapo. Mtu wa kwetu anasikia abee, anasikia naam.

Hata mezani. Hispania, kwa desturi ya kizamani, anayekula akifikiwa na mtu humwambia "¿Gusta?", naye mgeni hujibu "No, gracias, que aproveche". Hiyo ni karibu chakula, mwenzangu, pamoja na ile asante ya kukataa ambayo kila mmoja anaijua.

Sisemi Kiswahili kinafungua kila mlango. "Buenas noches" ukiigeuza kuwa usiku mwema umeharibu, kwa sababu Mhispania anaingia nayo mkahawani saa tatu usiku, ndiyo kwanza anafika. "Buenas tardes", salamu ya alasiri na jioni, nayo haifuati jua letu. Kwa wengi Hispania huanza baada ya chakula cha mchana, ambacho huliwa saa nane au saa tisa, na mwezi Juni jua la Madrid linazama karibu saa nne kasorobo usiku. Hapo hakuna lugha ya kukusaidia. Sikiliza wenyeji wanasema nini na ufuate. Ukishindwa kabisa sema "buenas" peke yake, wenyewe hufanya hivyo.

Kihispania na Kiswahili zote ni lugha rasmi za Umoja wa Afrika, na Malabo, Guinea ya Ikweta, watu wanasalimiana kwa Kihispania kila siku. Kamusi ya moja kwa moja kati ya lugha hizi mbili, yenye mifano ya nani anamwambia nani na saa ngapi, ningeinunua kesho.