Tani 27 kutoka Shimba: kosa la maabara au la mzani?

Kila inapotajwa habari ya watafiti wanaoingia msituni kuchukua magome, majani au likeni (kuvu na mwani walioshikamana, wanaoota juu ya miti) ili kuchambua kemikali zilizomo, hurudi hoja ileile: kwamba uchambuzi ndio mlango wa uporaji, na kwamba mmea ukishajulikana una nini ndani yake hauna tena usalama. Mfano unaotolewa sana kwetu ni ule wa vilima vya Shimba, Kwale, na ni mfano wa kweli. Katika miaka ya 1970, kilo 27,215 za mti mdogo uitwao Maytenus buchananii zilikusanywa huko kwa ajili ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, iliyokuwa ikitafuta malighafi ya dawa ya majaribio. Miaka michache baadaye, mzigo mwingine ulipohitajika, miti ilikuwa imechipua kwa taabu na mavuno hayakukaribia yale ya kwanza. Wapinzani hukumbusha pia kwamba Wadigo wa eneo hilo walikuwa wakiutumia mti huo kwa tiba, na kwamba katika taarifa za ugunduzi hawakupewa nafasi yoyote.

Hayo yote nayakubali. Nisichokubali ni mahali lawama inapowekwa, kwa sababu tukiihesabu vizuri ile tani 27 tutaona kwamba hasara haikutokana na kuchambua, bali na kutaka wingi kabla ya uchambuzi kukamilika.

Kemikali iliyokuwa ikitafutwa inaitwa maitansini. Kundi la mkemia Morris Kupchan liliitangaza mwaka 1972, baada ya kuitenga kutoka mmea wa jamii hiyohiyo uliochukuliwa Ethiopia. Katika mti wa Shimba kiasi chake ni takriban miligramu 1.5 kwa kila kilo ya mmea mkavu. Hata tukichukulia kwamba mzigo wote ulipimwa ukiwa mkavu, na kwamba hakuna hata chembe iliyopotea njiani wala maabara, tani 27 zinatoa gramu 40 hivi. Ni sawa na sukari inayotosha chai ya watu watano. Ili kuipata, vilima vya Shimba vilipitiwa na mapanga. Tena dawa yenyewe ilipojaribiwa kwa wagonjwa ilionekana kuwa na sumu kali mno isiyolingana na nafuu iliyoleta, ikaachwa.

Habari hii kwa kawaida huishia hapo, na ndiyo maana hueleweka nusu. Mwaka 1977 watafiti wa Japani walitangaza kwamba wamepata kemikali ndugu za maitansini, walizoziita ansamitosini, zikitengenezwa na bakteria anayeweza kukuzwa katika pipa la kiwandani. Kutoka kwa bakteria huyo ndipo wakemia walipopata umbo jipya la kemikali ile, wakalifunga kwenye kingamwili inayoipeleka sumu moja kwa moja kwenye seli za saratani, na mwaka 2013 Marekani ikaidhinisha dawa hiyo kwa aina mojawapo ya saratani ya matiti. Hakuna mti wa Kwale uliokatwa kwa ajili yake. Uchunguzi wa baadaye katika mimea ya jamii hiyo umeonyesha hata kwamba bakteria wanaoishi mizizini wanahusika katika kuitengeneza maitansini. Jambo hilo lingejulikana mapema, pengine mapanga yasingeingia Shimba kabisa. Kilichouacha mti upumue ni kemia iliyoendelea.

Pwani yetu inao ushahidi wa kale zaidi, wa biashara iliyokwenda bila uchambuzi wowote upande wetu. Kwenye miembe na mikoko huning'inia likeni ya kijivu, Roccella montagnei, ambayo wazee waliiita marere. Likeni ni kuvu na mwani walioshikamana wakaishi kama kiumbe kimoja, na nyingi hukua milimita chache tu kwa mwaka. Katika karne ya 19 marere yalikusanywa kutoka Mrima, pwani inayoikabili Unguja, hadi Benadir, pwani ya Somalia, yakapitia Unguja na kupelekwa Ulaya kwa magunia, ambako yalilowekwa kwa majuma katika mkojo uliochacha, na baadaye amonia, hadi yakatoa rangi ya zambarau. Mfaransa Robiquet alikuwa ameshaitenga kemikali ya msingi wa rangi hiyo, osinoli, tangu mwaka 1829. Mchumaji wa Mrima alijua uzito wa gunia. Aliyekuwa Ulaya alijua kilichomo ndani yake. Rangi za viwandani zilizoanza na ugunduzi wa William Perkin mwaka 1856 zilipotawala soko, biashara ya marere ikafifia, na kwetu hakikubaki hata kitabu kinachoeleza ni kitu gani tulichokuwa tukiuza. Watoto wetu bado huchovya karatasi za litmasi katika darasa la kemia bila kuambiwa kwamba rangi yake ilitoka kwenye jamii ya likeni iliyo juu ya mwembe nje ya dirisha.

Sasa linganisha magunia hayo na kinachofanywa na mchambuzi. Kata kipande cha marere kisichozidi punje ya mchele, kikwaruze kidogo kwa wembe, kisha kidondoshee tone moja la jiki mpya. Papo hapo sehemu iliyokwaruzwa hugeuka nyekundu, na baada ya muda mfupi wekundu hufifia. Jaribio hilo, ambalo William Nylander alilitambulisha mwaka 1866, tayari limekuambia kwamba hapo ipo asidi ya kundi linalozaa rangi. Ukitaka jina lake kamili, miligramu chache huloweshwa katika asetoni, tone lake likawekwa chini ya bamba lililopakwa unga laini wa madini ya silika, kiyeyushi kikaachwa kipande juu taratibu, bamba likanyunyiziwa asidi ya salfuriki na kupashwa moto, na madoa ya manjano, kahawia au samawati yakajitokeza kila moja kwa kimo chake. Chicita Culberson na Hörður Kristinsson waliuweka utaratibu huo katika hali sanifu mwaka 1970, na hauhitaji mashine ya mamilioni. Likeni inabaki juu ya mti, imepungukiwa na kipande kisichoonekana.

Uchambuzi una kazi nyingine inayosahauliwa na wanaouona kama hatua ya kwanza ya kuuza, nayo ni kuonya. Likeni zinazoning'inia kama ndevu katika misitu ya Kilimanjaro na Meru ni za jamii ya Usnea, zenye asidi ya usniki, inayoua baadhi ya bakteria na kusifiwa kwa sababu hiyo. Lakini mwaka 2001 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha umma dhidi ya kidonge cha kupunguza unene chenye asidi hiyohiyo, baada ya watumiaji kuharibika ini. Anayesema mimea ya porini iachwe bila kupimwa anapaswa kukumbuka kwamba watu wataendelea kuitumia, wapimaji wawepo wasiwepo.

Ipo hata hivyo hoja moja ya wapinzani ninayoiona nzito, na siwezi kuipita. Muundo wa kemikali ukishachapishwa, yeyote anaweza kuitengeneza bila kurudi kwenye mti. Ile ile hatua iliyouokoa mti wa Shimba ndiyo iliyokata uzi kati ya dawa ya 2013 na Kwale. Mkataba wa kimataifa wa bioanuwai ulikuja mwaka 1992, na Itifaki ya Nagoya ya kugawana manufaa ikaanza kufanya kazi mwaka 2014, miaka 40 na zaidi baada ya Kupchan. Hakuna uchambuzi, hata ukiwa makini namna gani, unaoweza kuleta haki ambayo haikuandikwa kabla ya sampuli kuondoka.

Lakini dawa ya tatizo hilo ni kuchambua wenyewe, na haya si maneno matupu. Idara ya Kemia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imefanya kazi ya miaka mingi juu ya mimea ya jamii ya Uvaria, ndugu wa mstafeli, ikiwemo Uvaria pandensis iliyopewa jina la msitu wa Pande nje ya jiji, na kemikali za baadhi yake zimejaribiwa dhidi ya vimelea vya malaria. Misitu ya namna hiyo inamalizwa na mkaa na viwanja, na kila mmea ulioandikwa kemikali zake una walau ushahidi wa kuutetea. Udhaifu uko kwenye hatua ya mwisho: mashine za NMR, zinazotumia sumaku kali kuthibitisha muundo wa kemikali, bado ni chache, na sampuli nyingi hupanda ndege kwenda kwa washirika wa nje. Hapo ndipo kibali cha utafiti kinapopaswa kubana, sio mlangoni mwa msitu. Kila sampuli iende na namba ya kielelezo chake kikavu kilichohifadhiwa Dar es Salaam au Nairobi, jina la kijiji na la ujuzi uliomwongoza mchumaji, na sharti kwamba matokeo yote ya mashine yarudi na kwamba namba hiyo itajwe popote kemikali hiyo itakapoandikwa au kuombewa hataza, hata kama itakuwa imetengenezwa na bakteria ndani ya pipa.