Vifo vya Jumla, Vifo vya Rejareja

Juni 2023, kwa kinyozi wangu hapa Kisumu, televisheni ilikuwa ikihesabu saa za oksijeni. Chombo cha Titan kilikuwa kimepotea chini ya Atlantiki na watu 5 ndani, wakienda kutazama mabaki ya Titanic. Wavuvi wawili waliokuwa wakingoja zamu walibishana juu ya kina cha maji hadi mate yakawatoka, utadhani chombo kimezama Dunga, ufuo wetu wa hapa ziwani. Mimi nami sikubanduka. Nilinyolewa, nikalipa, nikarudi kuketi.

Siku zizo hizo jirani yangu hakurudi kutoka ziwani. Alikwenda kuvua omena, dagaa wa ziwani, kazi ya usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, maana omena hufuata taa. Asubuhi mashua ikaonekana, yeye hakuonekana. Tukachanga hela ya petroli ya boti ya kumtafutia, huyu mia, yule mia mbili, mama yake akiwa ameketi juu ya mawe, macho majini, halii. Nikampigia simu mtu ninayemfahamu redioni.

"Ni wangapi?" akauliza.

"Mmoja."

"Mmoja tu?"

Hakusema kwa ubaya. Siku ya tatu ziwa likamrudisha.

Wahenga walisema kifo cha wengi ni harusi. Kweli kabisa: harusi ina mpiga picha, ina wageni wa heshima, ina hotuba. Juni 30 mwaka huo huo lori liliparamia matatu na wachuuzi wa kando ya barabara pale Londiani, watu 52 wakafa. Nchi nzima ikalia, na ilistahili kulia. Ila barabara zetu hizi humchukua mtu wa boda leo, mtoto wa shule keshokutwa, na kilio hakivuki ua wa nyumba yao. Hivyo ni vifo vya rejareja, na habari hununua kwa jumla.

Na wingi nao hautoshi. Januari 28, 2009, duka la Nakumatt liliungua katikati ya Nairobi, watu wakafia ndani. Siku tatu baadaye lori la mafuta lililopinduka Sachangwan, karibu na Molo, likalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Wa Nakumatt walikuwa wateja na wafanyakazi, tukawalilia bila maswali. Wa Sachangwan? "Si walikuwa wanaiba mafuta?" Niliyasikia maneno hayo kwenye matatu, yakisemwa na watu wazima wenye watoto, wakati ambapo miili mingine ilikuwa haijatambulika hata ni ya nani. Mtu anayekimbilia petroli na jerikeni ya lita tano sijui anaiba utajiri gani.

Vipande vya Titan vilipopatikana, kinyozi alipunguza sauti ya televisheni na sote tukanyamaza kidogo. Jirani yetu tulimzika Jumamosi. Siku hiyo duka lilifunguliwa kama kawaida, muziki juu, nami nilipitia pale kunyoa ndevu kabla ya kwenda mazishini.